Profesa wangu anataka nimkusanyie mikojo ya Pemba. Nikubali?

Assalamu alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, kwetu ni Wete, lakini sasa naishi Unguja na mume wangu na watoto wetu wawili. Nafundisha kemia chuo kikuu. Nimeshauriana na watu wengi kuhusu jambo hili, kila mmoja kanipa lake, na sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza.

Nilikwenda Ulaya kusoma shahada ya uzamivu. Kazi yangu ilikuwa vihisio vya kielektrokemia. Kwa wasomaji wako wasiovijua: unachukua kipande kidogo cha kaboni au dhahabu, juu yake unabandika kitu kinachotambua ugonjwa, kwa mfano kingamwili, halafu unakiunganisha na mashine inayosoma umeme mdogo mno unaotoka pale kingamwili inapokamata inachokitafuta. Changu nilikiweka ndani ya chipu ya silikoni yenye vijia vyembamba kuliko robo ya milimita. Pampu ndogo inasukuma mkojo humo, unakutana na dawa njiani, unafika kwenye elektrodi, ndicho kile kipande cha kaboni au dhahabu, na jibu linatoka. Ugonjwa niliouchagua ni kichocho. Niliuchagua mwenyewe, sikupangiwa. Kaka zangu wawili walikojoa damu walipokuwa wadogo, na nyumbani kwetu ilionekana ni mambo ya utoto, yatapita.

Kihisio kilifanya kazi vizuri sana. Nilikijaribu kwenye bufa, yaani maji ya chumvi yasiyobadilika asidi yake, na kwenye mkojo wa bandia tuliotengeneza maabara, nikachapisha makala, nikatetea tasnifu, nikarudi. Nilirudi kwa sababu mkataba wangu wa likizo ya masomo unanitaka nirudi nitumikie, lakini hata usingekuwepo ningerudi.

Sasa nafundisha mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa hadi wengine wanakaa kwenye ngazi. Maabara yangu ya Ulaya ilinipa zawadi ya potenshiostati ya zamani, ndiyo ile mashine ya kusoma umeme. Ipo kwenye boksi lake juu ya kabati, sijaifungua. Kingamwili nilizoagiza zilikwama zikisubiri karatasi za kutolea mzigo. Barafu ikayeyuka, zikanifikia za moto. Nilizitupa. Tangu hapo sijagusa utafiti.

Mwezi uliopita profesa aliyenisimamia ameniandikia. Amepata ruzuku ya kukijaribu kihisio changu kwa mikojo ya kweli. Anataka niwe mratibu wa sampuli: nizunguke skuli za Pemba, nikusanye mikojo ya watoto, niigandishe, nimpelekee kwa ndege kwenye barafu kavu. Kule yupo mwanafunzi mpya atakayepima. Posho ni nzuri. Jina langu litawekwa kwenye makala. Nikamuuliza litakaa wapi, akajibu, "Katikati, kama ilivyo kawaida kwa wakusanyaji." Shangazi, huyu si mtu mbaya. Nilijifungua mtoto wa pili kule ugenini na yeye ndiye aliyenitafutia nyumba karibu na hospitali. Ndiyo maana nashindwa hata kukasirika.

La pili, shirika moja hapa limenipa nafasi ya umeneja wa mradi wa lishe. Mshahara unazidi huu wangu zaidi ya mara mbili. Mume wangu anasema nichukue tumalize nyumba ya Fuoni.

La tatu ni dogo lakini ndilo linalonikosesha usingizi. Mama ana kisukari, na kila nikienda Wete nampima kwa mashine yake. Siku ya Idi, watu wamejaa ukumbini, kaka yangu mkubwa akaichukua ile mashine akaipunga hewani: "Si hiki hapa kitu chenyewe unachokisomea? Kishagunduliwa zamani, kinauzwa duka la dawa! Wewe miaka yote hii unagundua nini?" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka.

Nikubali kukusanya? Nichukue umeneja? Au nitulie nisubiri mambo ya chuo yatengemae? Na kaka nimwambie nini?

Mwana wa Wete
Unguja

SHANGAZI ANAJIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na kaka, maana deni lake ni jepesi kulipa. Kasema kweli nusu. Mashine ya mama ni kihisio cha kielektrokemia, tena ndicho kilichofanikiwa kuliko vyote. Lakini mwulize anajua ilichukua muda gani kufika kwenye mkono wa mama. Leland Clark na mwenzake Champ Lyons waliandika wazo la elektrodi yenye kimeng'enya mwaka 1962, Marekani. Mashine ya kwanza ya kuuzwa ilitoka 1975, na ilikuwa ya kukaa juu ya meza ya maabara, si ya kutia kwenye mkoba. Tatizo mojawapo lilikuwa kwamba elektrodi zile za mwanzo zilitegemea oksijeni iliyomo ndani ya damu, na oksijeni haikai sawa kwa kila mtu wala kwa kila saa. Mwaka 1984 watafiti wa Cranfield na Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba ferosini, ambayo ni kampaundi ya chuma, inaweza kubeba elektroni badala ya oksijeni. Miaka mitatu baadaye kikatoka kipimo chenye umbo la kalamu ambacho mgonjwa anakitumia mwenyewe nyumbani. Hesabu: miaka 25, na hao walikuwa na fedha, umeme na viwanda.

Na walikuwa wanatafuta sukari! Sukari imejaa kwenye damu ya kila mtu aliye hai. Kuitafuta ni kama kutafuta chumvi kwenye bahari ya Hindi. Kimeng'enya kinachoitambua kinatokana na kuvu, ni kigumu, ni rahisi, kinavumilia kukaushwa na kufungwa kwenye kichupa. Wewe unatafuta antijeni ya mnyoo, yaani chembe yake ambayo kingamwili inaikamata, kwa mtoto ambaye pengine ana minyoo michache tu, kiasi ambacho ni mamilioni ya mara chini ya sukari, na chombo chako cha kutambulia ni kingamwili inayoharibika kwa joto. Mwambie kaka hayo siku ya Idi nyingine, watu wakiwa wamejaa vile vile. Kama hakuelewa, muache, mkaribishe kahawa.

Sasa tuingie kwenye mambo.

Mimi nimestaafu nikiwa fundi sanifu wa maabara ya hospitali. Vihisio vyenu sikuvisomea, na kabla ya kukujibu nimewauliza wawili wanaovijua. Lakini mkojo naujua, na kichocho nakijua kwa jicho. Nimechuja mililita kumi kwa chujio na kuweka chini ya darubini nikitafuta yale mayai yenye mwiba mkiani, hadi macho yakawa yanayaona hata nikiyafumba. Kwa hiyo nikisoma barua yako, sentensi iliyonisimamisha haikuwa ile ya profesa. Ilikuwa hii: kihisio kilifanya kazi vizuri sana, kwenye bufa na mkojo wa bandia.

Mwanangu, mkojo wa bandia hauna kichocho.

Kwenye ukurasa wako wa pili, ambao sikuuchapisha kwa kuwa ungewachosha wengine, umeeleza kwamba kingamwili yako ya pili imebebeshwa kimeng'enya kiitwacho peroksidesi, nayo ndiyo inayozalisha umeme unaousoma. Mimi peroksidesi naifahamu kwa mlango wa nyuma. Kile kijiti tunachochovya kwenye mkojo kutafuta damu kinageuka rangi kwa sababu hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, ina tabia ya kufanya kazi kama peroksidesi. Sasa fikiri. Mtoto mwenye kichocho anakojoa damu. Damu ile ikipita kwenye vijia vyako na kuosha kusipokuwa kuzuri, hemoglobini itabaki kwenye elektrodi na kutoa umeme wake, na mashine yako itasema "antijeni ipo" kumbe inaona damu. Utasema basi si vibaya, mwenye damu ana kichocho. Si lazima. Msichana wa darasa la saba anaweza kuwa na damu kwenye mkojo kwa sababu nyingine kabisa ambayo wewe na mimi tunaijua, na mwanafunzi mpya wa Ulaya anayefungua kichupa chenye namba hatakuwa na wa kumuuliza.

Na hilo ni moja tu. Tunakusanya mkojo wa kichocho baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi muda huo. Muda huo huo ndio wa jua kali, mtoto katoka kukimbia uwanjani, hajanywa maji, mkojo wake mzito una chumvi maradufu. Mwezi wa Ramadhani ukikusanya, wakubwa wa skuli wamefunga, mkojo mzito zaidi. Asidi ya yuriki nayo inaoksidishwa kwenye elektrodi ya kaboni na kuleta umeme usiouhitaji. Na akiwa kala maembe ya kutosha, vitamini C vile vile. Joto la msimu wa kaskazi darasani lina nyuzi zaidi ya 30, wakati maabara yenu kule, nadhani, ilikuwa na kiyoyozi kinachoishikilia kwenye 20 na kitu. Yote haya mkojo wako wa bandia haukuyajua.

Ukiugandisha mkojo huo na kuupeleka Ulaya, utayajua? Hutayajua. Mkojo ukigandishwa na kuyeyushwa, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga hemoglobini yote, chumvi nyengine zinaganda chini kama vumbi jeupe, na hilo vumbi likiingia kwenye kijia cha robo milimita, linakiziba. Mwanafunzi atapima maji mengine, si yale aliyoyatoa mtoto wa Pemba. Na matokeo yakiwa mabaya, hatajua kama kosa ni la kihisio au la barafu.

Hapo ndipo nashangaa wasomi. Maana nzima ya kitu chako, ninavyoelewa, ni kwamba kiwe kidogo, kitumie tone, kifike pale alipo mgonjwa, kitoe jibu kabla hajaondoka. Halafu kwa kukijaribu, mkojo upande boti, upande ndege, uvuke bahari, ukakifuate! Kifaa kiufuate mkojo, mkojo usikifuate kifaa. Hili ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza, na mengine yote yanatoka humo.

Kwa hiyo usimkatalie profesa, na usimkubalie alivyoomba. Mjibu kwamba ruzuku ni ya kujaribu kihisio kwa sampuli halisi, na wewe unapendekeza kipimwe Pemba, mkojo ukiwa bado wa moto, na wewe ndiye mpimaji. Mwandikie hoja ya damu na peroksidesi; yeye ni mtaalamu, ataielewa kwa mstari mmoja, na pengine itamshtua kwa kuwa hakuifikiria. Mwambie ugandishe sehemu tu ya kila sampuli kwa ajili ya kulinganisha, upimwe mkojo ule ule mbichi hapa na ulioyeyushwa kule, ionekane tofauti. Hiyo peke yake ni makala. Na makala hiyo mwandishi wa kwanza ni wewe, maana hakuna mwengine atakayekuwa ameifanya kazi yenyewe.

Usiandike kwa kulalamika. Umesema si mtu mbaya, nami nakuamini. "Kama ilivyo kawaida" aliyokujibu ni ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo. Muulize tena, sasa kwa maandishi na kabla ya prapozo kupelekwa popote: nani mtafiti mkuu mwenza, nani mwandishi wa kwanza, vifaa vitabaki kwa nani mradi ukimalizika. Mambo hayo yakisemwa mwanzoni ni kazi, yakisemwa mwishoni ni ugomvi.

Una nguvu kuliko unavyodhani, na sisemi hivyo kukubembeleza. Hakuna mtu anayechukua mkojo wa mtoto wa Zanzibar na kuutoa nje bila kupita kamati ya maadili ya utafiti wa afya hapa kwetu, bila mkataba wa kuhamisha sampuli, bila mtafiti wa hapa anayewajibika. Kisha uje kwa mwalimu mkuu, uje kwa sheha, uje kwa wazazi. Mzazi wa Pemba atakuuliza mkojo wa mwanawe unakwenda kufanywa nini Ulaya, na ana haki. Ukimwambia unapimwa hapa hapa, na mtoto akionekana anao atapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Pa kufanyia pia papo. Pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ilifunguliwa mwaka 2000, na minyoo na kichocho ndio mkate wake wa kila siku. Sijui kwa nini barua yako nzima haikuitaja. Nenda ukakae nao kabla hujamjibu profesa. Wana mafundi waliokwisha kuona mikojo kuliko mtu yeyote kwenye makala zenu, wanajua skuli gani bado ina wagonjwa na wapi hapana haja ya kusumbua watoto. Friza na umeme wa akiba kwa wanaofanya kazi hizo ni jambo la kila siku, si ajabu. Usiende kama msomi aliyetoka Ulaya na chipu mfukoni. Nenda kama mtoto wa Wete aliyekuja kuuliza.

Na watakueleza kitu kitakachokutia hamu. Kichocho cha sasa si kile cha kaka zako. Kwa kampeni za dawa, na kuanzia 2011 kwa mradi mkubwa uliojaribu pia kuua konokono wanaobeba ugonjwa na kuelimisha watu Unguja na Pemba, maambukizi yameshuka sana. Waliobaki wengi wana minyoo michache, mayai machache, na darubini yetu ya mililita kumi inawapita. Mtoto anaambiwa hana, kumbe anayo, anarudi mtoni kuoga na kukojoa na konokono wapo. Shirika la Afya Duniani limeweka 2030 kuwa mwaka wa kichocho kuacha kuwa tatizo la afya ya jamii. Kuumaliza ugonjwa uliobaki kidogo kunahitaji kipimo kikali kuliko cha kuupima ulipokuwa mwingi. Kumbe kisiwa chenu ndicho mahali ambapo kihisio kama chako kina sababu ya kuwepo.

Ila usijidanganye, kipimo kikali kipo tayari. Waholanzi wa Leiden wana kipimo cha antijeni iitwayo CAA ambacho kimeshajaribiwa kwa mikojo ya Zanzibar, na kinaona ambavyo darubini haioni. Udhaifu wake ni kwamba kinataka maabara na hatua za kuandaa sampuli. Wewe itabidi ujipime na hicho, usijipime na darubini peke yake, na huenda ukashindwa. Nakwambia hivi mapema kwa sababu umezoea mkojo wa bandia, ambao haushindi mtu. Hao wawili niliowauliza wameniambia kwamba fani yenu imejaa vihisio vinavyong'ara kwenye bufa na visivyowahi kuonana na mgonjwa. Atakayeandika kwa uaminifu kwamba kihisio kizuri kiliangushwa na damu, joto na chumvi, na kwa kiasi gani, na alirekebisha nini, huyo ana jambo jipya la kusema. Kwa bahati mbaya ya wenzako, hawezi kulisema aliye mbali na mkojo.

Kuhusu chipu ya silikoni na pampu yake: sidhani kama ndiyo ya kuja nayo Pemba. Pampu inataka umeme, na chipu zenyewe, umeniandikia, zinatengenezwa kwenye chumba kisicho na vumbi. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides pale Harvard lilionyesha kwamba karatasi tupu, ikichorwa mipaka isiyopitisha maji, inakuwa na vijia vinavyonyonya tone vyenyewe bila pampu. Baada ya hapo wengine wakachapa elektrodi za kaboni juu ya karatasi hiyo hiyo. Hasara yake ni kwamba karatasi haioshi vizuri kama chipu, na kwako kuosha ndiko kunakoondoa hemoglobini. Pia unyevu wa kwetu unaubadilisha mwendo wa maji kwenye karatasi. Utahitaji kuzihifadhi kwenye mifuko yenye silika. Hilo nakuachia, wewe ndiye daktari.

Sasa lile boksi juu ya kabati. Lishushe leo. Si kesho, si vifaa vikija. Huhitaji kingamwili kuanza. Chukua risasi ya penseli, ndiyo, grafaiti ya penseli ya mtoto, inafanya elektrodi. Chukua mkojo wako mwenyewe asubuhi na mchana, uongeze nguvu ya bufa kidogo kidogo, usome umeme unaotoka bila kingamwili yoyote. Hiyo kelele ya chini ndiyo utakayopambana nayo, na unaweza kuichora yote bila kuagiza kitu kutoka nje. Wale wanafunzi wanaokaa kwenye ngazi, wachague wanne wenye njaa ya kazi uwape vitamini C ya juisi ya ubuyu na ya machungwa waipime kwa penseli hizo hizo. Mashine moja haitoshi, ndiyo. Lakini tangu 2011 upo mchoro wa potenshiostati iitwayo CheapStat, uliotolewa bure na watafiti wa Marekani, ambao vipuri vyake havikufika dola 80 kwa bei ya wakati ule. Mtafute kijana wa umeme pale pale chuoni. Ukiwa na vijana wanne na mashine tatu, profesa anapouliza "una uwezo gani huko?" hutakuwa na haja ya kuona haya.

Kukaa ukisubiri chuo kitengemae, ambalo ndilo chaguo lako la tatu, silijibu.

Umeneja. Mumeo hana kosa. Nyumba isiyo na paa inaumiza kichwa, na mshahara maradufu haudharauliwi na mtu mwenye watoto. Lakini muulizeni shirika mkataba ni wa muda gani. Miradi ya lishe huja na kuondoka na mfadhili. Ukimaliza umeneja utakuwa meneja anayetafuta mradi, na mikono yako itakuwa imesahau elektrodi. Kama mnadaiwa na deni linawakaba, chukua, wala usijilaumu, mtu hali makala. Kama ni paa tu, kaeni na mumeo muone posho ya profesa, ikipangwa upya kama mtafiti mkuu mwenza na si mkusanyaji, inafunika mabati mangapi. Huenda ikafunika mengi. Mwambie pia kwamba itabidi uwe Pemba wiki kadhaa kwa mfululizo, na watoto watabaki naye au watakwenda kwa bibi yao Wete. Hilo asilisikie siku unafunga begi.

Kabla hujabonyeza kutuma, toa karatasi mbili kwenye faili. Ya kwanza ni mkataba wako wa likizo ya masomo: uangalie umebakisha muda gani wa kutumikia, na kama unaruhusu kuchukua mradi wa nje ukiwa kazini, mara nyingi chuo hufurahia mradi ukipita kwao, tena hudai upite kwao. Ya pili ni ile uliyosaini siku ya kwanza kule Ulaya, kipande kinachozungumzia umiliki wa uvumbuzi. Umeniandikia mara nyingi "kihisio changu". Yawezekana kwa sheria ni cha chuo chao. Ikiwa hivyo, muombe profesa barua ya kukuruhusu kukitengeneza na kukitumia kwa utafiti Zanzibar, iwe ndani ya makubaliano yale yale, na isainiwe kabla mtoto wa kwanza hajapewa kichupa.